Ua wa Mama
Tangu Mama afariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, ua wetu wa Mkomani, Lamu, uligeuka pori. Kaka alitaka tumwage saruji, tujenge vyumba vya kupangisha. Nikamwomba anipe hadi Shaabani.

Nilianza kwa panga. Kosa, msomaji! Ndago huikata leo, wiki ijayo imesimama tena. Vijitunguu vyake vimo chini ya udongo, sharti uvichimbue kimoja kimoja. Wiki sita nilichimba, na mgongo wangu ni shahidi.

Kando ya kisima nikaona shina la asumini, kavu juu, bichi ndani. Nikalitilia maji.

Juzi alasiri dada zetu walichuma matumba kabla hayajachanua, wakafunga vikuba kwa rehani. Kaka hakusema kitu. Ila mifuko ya saruji ameiuza.