Mirathi ya Mashujaa (Sehemu ya Nne): Dhuluma Aliyotendewa Wally West

Tangazo la kwamba filamu ya tatu ya Miles Morales, kijana aliyerithi jina la Spider-Man, iliyokuwa imepangiwa mwezi Machi 2024 na kisha ikaondolewa katika ratiba, sasa itaonyeshwa mwaka 2027, limenirudisha kwenye swali lililonishughulisha tangu makala ya kwanza ya mfululizo huu: kwa nini kijana anayerithi jina la shujaa aghalabu hupata haki yake katika filamu za katuni, ilhali vitabuni hupewa leo na kupokonywa kesho? Habari za Batman na vijana wake tumekwisha kuzieleza, wala sina haja ya kuzikariri. Leo nataka kukaa na ukoo wa Flash, ambao nimeusoma kwa mapenzi tangu ujanani, kwa kuwa sijaona nyumba nyingine ya mashujaa wa Marekani iliyoanza kurithishana kwa adabu kama ile na ikaja kuharibiwa kwa dhuluma kama ile.

Jay Garrick, Flash wa kwanza, alitokea mwaka 1940, na vitabu vyake vilipokoma baada ya vita jina likakaa bila mwenyewe hadi mwaka 1956, alipozuka Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi aliyepigwa na radi katikati ya chupa za kemikali. Barry hakujitwalia jina ovyo: alikuwa amesoma visa vya Jay katika vitabu vya utotoni mwake, akalichukua kwa taadhima ya aliyemtangulia, na mwaka 1961 waandishi wakawakutanisha wawili hao ana kwa ana, mzee na kijana, wakafanya kazi pamoja pasipo husuda. Kisha akaja Wally West, mtoto wa kaka yake Iris, mchumba wa Barry, aliyepatwa na radi ya namna ile ile katika maabara ile ile, akavaa nguo za Kid Flash, akafunzwa na kulelewa hata akabaleghe. Mwaka 1985 Barry alikufa akiizunguka mbio silaha iliyokusudiwa kuiangamiza dunia, mwili wake ukisagika kwa kasi yake mwenyewe, na hadithi hiyo ilipokwisha Wally alikuwa amevaa nguo nyekundu za marehemu. Mauti yale yalikuwa mauti ya kweli, na kwa zaidi ya miaka 20 wachapishaji waliyaheshimu.

Ndani ya miaka hiyo ndimo ilimoandikwa kazi ambayo kwangu mimi ni kilele cha sanaa hii nzima. Mark Waid, aliyeanza kumwandika Wally mwaka 1992, mwaka uliofuata alimleta mtu aliyejitokeza akidai kuwa ni Barry amerejea. Wally alifurahi kama yatima aliyerudishiwa mzazi. Lakini hazikupita siku nyingi mgeni yule akaingiwa na wivu, akamtupa kijana penye hatari afe, kisha akaugeukia kwa ghadhabu mji ule ule ambao Barry aliulinda maisha yake yote, eti kwa sababu umemsahau. Ilipobainika kwamba alikuwa Eobard Thawne, adui wa zamani aliyejivika sura ya marehemu, Wally alilazimika kukiri nafsini mwake jambo lililokuwa limemfunga miguu miaka yote: alishindwa kuifikia kasi ya mlezi wake, si kwa udhaifu wa mwili, bali kwa hofu kwamba siku atakapomfikia, Barry atakuwa hana tena mahali pa kurudi. Alipokubali kuwa marehemu ni marehemu, ndipo alipokimbia kweli. Kurithi kwa maana hiyo ni ibada ya mapenzi, na sijui hadithi nyingine ya picha iliyolifahamu hilo kwa undani namna ile. Nayo isingaliwezekana lau msomaji hakuwa amekwisha kuishi na Barry miaka mingi na kumwomboleza mingine saba.

Kisha tijara ikaingia. Barry alifufuliwa mwaka 2008. Mwaka 2011, kampuni ya DC ilipoanza upya hesabu ya vitabu vyake vyote, Wally, mtu mwenye mke na watoto mapacha, akafutwa kana kwamba hakuzaliwa. Aliporejeshwa mwaka 2016 alimkuta Linda, mkewe, hamkumbuki hata jina. Na miaka mitatu baadaye akatwikwa hatia ya vifo vya wenziwe. Ni kweli kwamba mwaka 2021 alisafishwa na kurudishiwa kitabu chake, lakini Barry yu hai bado, na mrithi ambaye mrithiwa yu hai na ana nguvu zake zote ni mpangaji tu. Sababu haijifichi: kitabu cha kila mwezi hakina mwisho, jina ni mali ya kampuni, kifo huuza nakala, na ufufuo huziuza tena. Siyadharau mahitaji ya wafanya biashara. Nasema tu kwamba mzee anayerudi kudai kiti alichokwisha kukiachia huwafundisha vijana kuwa subira yao na utii wao vilikuwa bure, na somo hilo watoto hulishika upesi.

Katuni za televisheni, zenye mwanzo na mwisho, ziliepukana na fitina hiyo. Katika mfululizo wa Justice League ulioanza mwaka 2001, Wally ndiye Flash, basi, wala hakuna anayemwuliza hati ya umiliki. Katika kipande kimoja cha mwaka 2006 anamkuta Trickster, mhalifu mgonjwa wa akili, kwenye baa. Wenzake Batman na Orion wanataka kumtisha, naye Flash anaketi kando yake, anamuuliza kwa upole kama ameacha kunywa dawa, anamwonyesha kuwa amevaa tena nguo zake za uhalifu pasipo kujitambua, na kumwahidi kwamba akijisalimisha atakwenda kumtazama hospitalini wacheze vishale. Mtu huyo anakubali. Huo ni uungwana uliokomaa. Hasara yake ni kwamba Barry hasikiki, na mirathi isiyo na marehemu hupungukiwa uzito.

Miles Morales amepita njia zote mbili. Vitabuni alianza mwaka 2011 baada ya kifo cha Peter Parker, Spider-Man wa ulimwengu wake. Mwaka 2014 Peter huyo akarudishwa, na mwaka uliofuata ulimwengu wenyewe ukafutwa, Miles akahamishiwa kwa Peter mwingine aliye hai. Filamu ya mwaka 2018, iliyotunukiwa Oscar mwaka 2019, ilimpa mauti ya kweli na mwalimu aliye hai kwa pamoja: Peter mmoja anauawa, mwingine aliyechoka anamfundisha, na kijana anaichukua nguo moja ya marehemu anaipulizia rangi nyeusi na nyekundu kwa mkono wake, mpaka ikawa yake. Watengenezaji wa filamu ya tatu nawasihi wasimrudishe yule aliyekufa.

Juma lijalo, inshallah, tutamtazama John Stewart, aliyebuniwa mwaka 1971 awe naibu wa Hal Jordan katika jina la Green Lantern, naye akapata kwenye televisheni, miaka 30 baadaye, nafasi ambayo vitabu vilisita kumpa kwa kudumu.