Mguu wa mtoto ukilegea ghafla: kitu gani kimekufa, na kitu gani bado kinaota

Mambo huanza karibu kila mara vilevile. Mtoto ana homa siku mbili tatu, mama anawaza malaria, anatafuta dawa. Kiisha asubuhi moja mtoto anataka kusimama, mguu mmoja unakataa. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Ukimfinya anasikia, analia. Lakini mguu wenyewe umelegea kama kitambaa kilicholowa maji. Jirani mmoja atasema ni sindano. Mwingine atasema mtoto ametupiwa kitu. Siku zinapita katika mabishano hayo, na siku hizo njo zenye bei kali.

Kusini mwa Maniema jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2017 watoto wawili wa jimbo letu walithibitishwa kupooza kwa polio ya aina ya pili, na Februari 2018 wizara ya afya mjini Kinshasa ilitangaza polio kuwa dharura ya nchi nzima. Tangu hapo kampeni za chanjo zimepita mara nyingi, mlango kwa mlango. Wazazi wengi wanajua neno polio. Wachache wameelezwa ni nini hasa inakufa ndani ya mwili wa mtoto.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli nyingi zikifa zinapata wengine wa kushika nafasi yao: ngozi ikikwaruzwa inafunga, damu ikitoka inarudi. Seli za neva zinazoamuru misuli haziko hivyo. Zinakaa ndani ya uti wa mgongo, na kila moja inatuma uzi mwembamba hadi kwenye msuli wake. Kwa mtu mzima, uzi unaotoka mgongoni kwenda mguuni unaweza kufika karibu metre moja, na wote ni wa seli moja tu. Mtoto anazaliwa na seli hizo zikiwa tayari. Moja ikifa, hakuna mpya ya kuchukua fasi yake.

Virusi vya polio vinaingia kwa mdomo, katika maji au chakula kilichoguswa na choo. Vinazaana tumboni, na watoto wengi hawaoni kitu chochote. Kwa wachache sana, karibu mmoja kati ya 200 walioambukizwa, vinafika kwenye uti wa mgongo. Huko vinachagua seli zile zinazoamuru misuli, vinaingia, vinazifanya kiwanda cha kutengeneza virusi vingine, kiisha vinazipasua. Seli za kusikia maumivu vinaziacha. Njo maana mtoto anasikia ukimfinya lakini hawezi kuvuta mguu. Kama kifo hicho kinagusa misuli ya kupumua, mtoto anaweza kufa: katika kila watoto 100 waliopooza, 5 hadi 10 wanapotea kwa njia hiyo.

Na sindano je? Hapa wazazi hawakosei kabisa. Sindano ya quinine iliyochomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga neva kubwa inayoshuka mguuni. Mara nyingi mtoto analia kwa maumivu makali palepale, na mguu unaweza kupata ganzi. Lakini katika ajali hiyo ni uzi uliojeruhiwa, seli yenyewe iko hai mgongoni. Uzi unaweza kuota tena, polepole, karibu milimetre moja kwa siku. Kutoka takoni hadi kwenye vidole ni safari ya mwaka mzima au zaidi, na si kila mara inafika. Kuna jambo la pili: mtoto mwenye virusi vya polio mwilini akichomwa sindano kwenye msuli, hatari ya kupooza kiungo kilekile inaongezeka. Malaria kali inahitaji sindano na muganga asiogope kuitoa. Ila ile sindano ya kununua sokoni kwa kila homa ndogo, hiyo iachwe.

Ajabu ni kwamba kifo cha seli za neva si kila mara ugonjwa. Kabla ya kuzaliwa, mwili unatengeneza seli hizi nyingi kupita haja. Zinashindania chakula fulani kinachotoka kwenye misuli, na zile zinazokosa zinajizima zenyewe, kwa utaratibu, bila homa wala usaha. Katika kifaranga aliye ndani ya yai, karibu nusu ya seli za kuamuru misuli zinaondoka hivyo. Mwanamke wa Italia, Rita Levi-Montalcini, alichunguza mambo haya kwa mayai ya kuku ndani ya chumba chake cha kulala wakati wa vita ya pili ya dunia, kwa sababu sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilikuwa zimemfukuza kazini. Baadaye huko Marekani aligundua kitu kinachofanya neva ziote, na mwaka 1986 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Cohen.

Uwezo huo wa kuota njo tumaini la mtoto aliyepooza. Seli zilizopona karibu na zile zilizokufa zinatoa vitawi vipya na kuchukua nyuzi za misuli zilizobaki yatima. Kwa hiyo mguu unaweza kurudisha nguvu kidogo kidogo, zaidi katika miezi sita ya kwanza, wakati mwingine hadi miaka miwili. Kumnyoosha mtoto viungo na kumsaidia asimame vizuri kunalinda mguu usijikunje wakati vitawi vinaota. Kumfunga kitandani au kumchanja nyembe hakusaidii kitu.

Lakini seli moja iliyobeba kazi ya kadhaa inachoka. Kuna watu wazima waliopata polio wakiwa wadogo, wakatembea kwa fimbo miaka 20 au 30, halafu wanaona nguvu zinapungua upya. Si virusi vimerudi, na si uvivu. Wanahitaji kupumzika katikati ya kazi, si kulazimishwa.

Sasa turudi kwenye zile siku za mabishano. Mtoto yeyote mwenye chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla, anatakiwa kupelekwa kwa IT wa kituo cha afya au kutajwa kwa reko wa kijiji siku ileile. Kinachotafutwa ni choo chake: vipimo viwili, kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Baada ya hapo virusi vinapungua chooni, na maabara ya INRB kule Kinshasa inaweza kukosa kitu hata kama polio ilikuwepo. Vipimo lazima vibaki baridi njia yote, na kila mtu anajua hali ya barabara kutoka Salamabila au Kabambare hadi Kasongo, kiisha Kindu, wakati wa mvua. Mzazi akipoteza siku kumi nyumbani, pikipiki haiwezi kuzirudisha.

Kipimo hicho hakitafufua seli zilizokufa kwa mtoto huyo. Kinasaidia watoto wa jirani. Na hapa kuna ukweli ambao wakati mwingine unafichwa, halafu unazaa uvumi: polio ya 2017 ilitokana na virusi dhaifu vya matone ya chanjo yenyewe. Fasi ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo vinapita kutoka choo hadi mdomo, mtoto kwa mtoto, muda mrefu, hadi vinapata nguvu tena. Pale ambapo karibu wote wamechanjwa, vinakosa pa kupita na vinaisha. Tangu mwaka 2021 kuna matone mapya dhidi ya aina ya pili, yaliyotengenezwa ili yasigeuke kwa urahisi, ingawa nayo yakipita muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa yanaweza kugeuka: mwaka 2023 visa vya namna hiyo vilitangazwa Kivu ya Kusini na Burundi.