Kugoma si Kususia



Wakati mmoja tuliitwa haraka kwenye shamba la chai. Wachumaji walikuwa wameacha kununua katika duka la shamba, kwa sababu unga na sukari viliuzwa ghali kuliko mjini. Kazini walikwenda kila asubuhi na majani yalipimwa kama kawaida. Lakini meneja aliandika barua kwa Kiingereza kwamba wako katika "strike" isiyo halali, na kwamba watu watano wanaowaongoza wamefukuzwa. Katibu wa tawi, mtu mwema kabisa, akajibu kwa kuomba radhi kwa ajili ya "strike" hiyo. Kwa karatasi moja akakiri kosa ambalo hakuna aliyelitenda.

Neno alilolihitaji katibu wetu lilikuwa "boycott". Tuyaangalie maneno haya mawili yametoka wapi.

"Strike" ni neno la kale kwa Waingereza. Kwanza lilikuwa na maana ya kupitisha mkono juu ya kitu, baadaye kupiga. Mabaharia nao walilitumia kwa kushusha tanga. Mwaka 1768 mabaharia katika bandari ya London walidai nyongeza ya mshahara. Wakaingia katika merikebu, wakashusha matanga, na merikebu isiyo na tanga haiendi popote. Kutoka hapo neno likahamia nchi kavu, likawa la kila mfanyakazi anayeacha kazi, hata yule ambaye hajawahi kuiona bahari. Wenzetu wa viwandani wataelewa upesi: ni kama kuzima mashine. Sisi tunasema kugoma, kama punda anayekataa kwenda na mzigo uko mgongoni.

"Boycott" halina ukale huo. Ni jina la mtu. Charles Boycott alikuwa Mwingereza aliyepata kuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1880 alikuwa msimamizi wa ardhi ya Lord Erne huko Mayo, Ayalandi, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Mavuno yalikuwa mabaya. Wakulima waliokodi mashamba waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Mwenye ardhi akakubali 10 tu. Boycott akataka kuwafukuza wasiolipa. Mwezi Septemba mwaka huo kiongozi wao Charles Parnell alikuwa amewashauri wananchi katika mkutano wa Ennis kwamba mtu anayechukua shamba la aliyefukuzwa asipigwe, bali atengwe. Watu wa Mayo wakamtenga msimamizi mwenyewe. Vibarua wakaondoka, wenye maduka wakakataa kumwuzia, hata barua zikawa shida kumfikia.

Ikabidi waletwe watu 50 kutoka mbali kuvuna viazi na mazao mengine, wakilindwa na askari wapatao elfu moja. Inatajwa kwamba serikali ilitumia paundi 10,000 hivi kwa mavuno ya paundi 500. (Tungependa kumwona mhasibu aliyeandika hesabu hiyo.) Kabla ya mwaka kwisha Boycott alikuwa amerudi Uingereza. Padri wa pale, John O'Malley, alitafuta neno jepesi ambalo mkulima angeweza kulitamka, akachukua jina la bwana huyo. Magazeti yakalisambaza duniani.

Mtu atauliza: vibarua wa Boycott si waligoma? Ndiyo, wao waliacha kazi. Lakini mwenye duka hakuwa na mshahara wa kudai kwake. Yeye alisusa. Na neno hili la kususa tunalijua tangu nyumbani. Mtoto akisusa chakula, au mume akisukuma sahani, mpishi haambiwi kitu lakini ujumbe umemfika.

Huku kwetu yote mawili yametokea. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma na mji ukasimama. Mwaka 1959 watu wa Buganda walisusia maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi.

Tofauti hii ina uzito mezani kwa mwajiri. Mgomo una hatua zake katika sheria: mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi, notisi itolewe. Anayeziruka anaweza kupoteza kazi. Lakini kutonunua sukari si kuacha kazi. Tena Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mfanyakazi asishurutishwe kutumia duka la mwajiri.

Hayo ndiyo tuliyomweleza meneja, na daftari za mizani zikionyesha kwamba chai ilichumwa kila siku. Alizitazama, kisha akatoa ile barua ya katibu wetu na kuiweka juu yake. Tulibishana majuma matatu. Watatu kati ya wale watano walirudishwa kazini. Wawili hawakurudi, na barua iliyotumika dhidi yao ilikuwa na muhuri wa tawi letu.