UZI: Barakoa, Mji wa Kale na swali ambalo midahalo hulikwepa

Leo tunachambua hoja moja isiyokosa kwenye midahalo ya siasa: je, serikali ina haki ya kukulazimisha uvae barakoa, na ikibidi ifunge mtaa wako? Sheria ya uzi huu ni ile ile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukimtaja kwenye majibu nakuruka.

Kwenye runinga hoja hii huwa na pande mbili tu. Mmoja anasema mwili ni wangu, uhuru ni wangu. Mwingine anasema sayansi imeshanena, vaa unyamaze. Mtangazaji anatabasamu, muda umeisha, tunaenda matangazo.

Shida ni kwamba ugomvi huo tumeuazima. Ndivyo ulivyopiganwa Marekani na Ulaya. Hapa Mombasa waliokataa barakoa kwa sababu ya falsafa ya uhuru walikuwa wachache mno. Na si ajabu, manake hata neno lenyewe ni la kwetu: barakoa ni kile kifuniko cha uso cha akina mama ambacho watu wa Pwani na Oman walikijua kabla ya corona kuwa na jina. Kufunika uso hakujawahi kuwa vita huku. Vita vilikuwa: nani analipa, na nani anapigwa.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wanadhani ilikuwa amri ya mdomo. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwanzoni mwa Aprili zikatoka kanuni chini ya Sheria ya Afya ya Umma, sheria ya tangu 1921, ya wakati wa mkoloni. Kanuni zikasema ukiwa mahali pa umma uvae barakoa inayofunika mdomo na pua. Ukikosa, faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hebu ifanyieni hesabu. Chukua mtu wa kibarua anayepata 500 kwa siku. Faini ile ni siku 40 za kazi, hajala, hajalipa nyumba. Sasa mweke mbele ya askari kwenye kona ya Makadara saa mbili usiku. Ni nani atakayesubiri kupelekwa kortini wakati mia mbili tatu zinaweza kumaliza maneno pale pale? Faini kubwa kupita kiasi haimfanyi mtu aogope ugonjwa. Inapandisha bei ya kuachiliwa.

Na kwa haki, tuseme pia hili: kwenye barakoa yenyewe Kenya haikuchelewa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijawashauri watu wa kawaida wavae. Lilibadilisha msimamo tarehe 5 Juni 2020, likapendekeza barakoa za kitambaa pale ambapo ugonjwa umeenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Sisi tulikuwa tumetangulia miezi miwili. Kwa hiyo anayesema "tuliiga tu wazungu" hana hoja hapo. Cha kuuliza ni namna tulivyotekeleza.

Utekelezaji tuliuona Likoni. Ijumaa 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Kafyu ilianza saa moja jioni. Alasiri, watu wakiwa wamejazana kwenye kivuko wakikimbilia nyumbani ndiyo wasivunje sheria, polisi wakawapiga na kuwarushia vitoa machozi. Fikiria ugonjwa unaoenea kwa hewa na msongamano, halafu dawa yako ni moshi unaowafanya watu wakohoe, wafikiche macho na wakanyagane. Sidhani pana mfano bora wa sera inayojipiga yenyewe kofi.

Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu. Uamuzi ukatoka tarehe 16 Aprili 2020, na nawaomba muukumbuke kila mkisikia mtu anasema "mahakama ilikataa kafyu" au "mahakama ilikubali kafyu". Ilifanya mambo mawili. Ilisema kafyu yenyewe ni halali. Ikasema pia nguvu ya kupita kiasi iliyotumiwa na polisi ilikwenda kinyume cha katiba. Wanasiasa hunukuu nusu inayowafaa. Na hata baada ya uamuzi huo mambo hayakutulia: mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema imepokea malalamishi 87 tangu kafyu ianze, yakiwemo ya vifo 15.

Sasa Mji wa Kale.

Tarehe 6 Mei 2020 ilitangazwa kwamba kuanzia saa moja jioni hakuna kutoka wala kuingia Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale hapa kisiwani, kwa siku 15. Mikahawa ikafungwa. Baadaye siku zikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Kumbukeni ilikuwa katikati ya Ramadhani. Idi ikawakuta watu ndani.

Kwa nini mtaa huo? Sababu iliyotolewa ni maambukizi kupanda, na malalamiko kwamba wakazi hawajitokezi kupimwa. Hapa ndipo mdahalo huwa mvivu. Utasikia: "watu wa Mji wa Kale ni wabishi." Ubishi gani? Wakati ule ukipatikana na ugonjwa, au ukigusana na mgonjwa, ulipelekwa karantini na awali gharama ilikuwa juu yako. Mtu anapiga hesabu: nikipimwa naweza kuondoka nyumbani wiki mbili, nirudi na deni, na majirani wameshanisema. Nisipopimwa, naendelea na biashara yangu. Huyo si mjinga. Ametengenezewa bei, naye ameisoma bei. Serikali ilipokuja kusema itabeba gharama kwenye vituo vyake, hofu ilikuwa imeshatangulia.

Kuna na suala la nyumba. Anayeujua Mji wa Kale anajua kuanzia Ndia Kuu mpaka Kibokoni vichochoro ni vya watu wawili kupishana bega kwa bega, na zipo nyumba za mawe ambazo familia kadhaa hutumia ngazi moja. Mita moja na nusu utaipata wapi? Kuziba njia za kutoka kunapunguza ugonjwa kwenda Bondeni au Likoni. Lakini kwa walio ndani kunaongeza saa za kukaa pamoja kwenye vyumba visivyo na hewa. Kwa hiyo kufunga mtaa ni kuwaambia wachache wabebe hatari na hasara kwa faida ya wengi. Inaweza kuwa halali kabisa kufanya hivyo! Ila ukimbebesha mtu mzigo wa wote, unamlipa. Chakula, kodi, dawa. Hicho ndicho kipimo cha kumpimia anayejitapa kwamba alifunga au alipinga kufunga.

Mtasema mimi nawaonea viongozi wa Kiafrika. Twende basi Austria, kijiji kinaitwa Ischgl, kule matajiri huenda kuteleza kwenye theluji. Tarehe 5 Machi 2020 Iceland ilikiweka kijiji hicho kwenye orodha ya sehemu hatari, kwa kuwa watu wake walirudi wakiwa wagonjwa. Kijiji kilikuja kuwekwa karantini tarehe 13, na wageni wakaondoka kwa haraka, kila mmoja na nchi yake, na virusi vyao. Utafiti wa damu uliofanywa baadaye na chuo cha udaktari cha Innsbruck ulikuta takriban asilimia 42 ya wakazi wana kingamwili. Tume ya uchunguzi ikasema Oktoba 2020 kwamba maafisa walikosea kukadiria hatari, ingawa haikupata ushahidi kwamba wenye hoteli waliwashinikiza.

Kwa nini nimewapeleka mlimani? Kwa sababu ugonjwa haukuenea kule juu kwenye theluji, kwenye upepo. Ulienea kwenye baa za jioni, watu wamebanana wakiimba. Majira ya baridi yaliyofuata Austria ilifungua milima tarehe 24 Desemba 2020, ikataka barakoa nzito za FFP2 ndani ya vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, na ikaacha hoteli na mikahawa imefungwa kwa watalii. Walijifunza kubagua hewa.

Sisi je? Matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8, na hilo lilikuwa na akili, japo nauli ilipopanda aliyelipa ni abiria. Ufuo wa umma, penye upepo wa bahari siku nzima, ukafungwa. Na mtu aliyekuwa anatembea peke yake barabarani, barakoa ikiwa kidevuni, ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa, kwa sababu anaonekana. Aliyeketi ofisini na wenzake kumi, madirisha yamefungwa, haonekani.

Halafu ikaja siasa yenyewe. Novemba 2020 mikutano ya kisiasa ilisimamishwa kwa siku 60, na ikatangazwa kwamba asiye na barakoa asihudumiwe kwenye ofisi za serikali. Tarehe 15 Desemba, ndani ya siku hizo hizo 60, kulikuwa na uchaguzi mdogo wa Msambweni, ng'ambo tu hapo Kwale. Picha za umati wa kampeni zile mlizitazama wenyewe kwenye simu zenu. Mwananchi aliyeziona picha hizo asubuhi, jioni akasimamishwa kwa kukosa barakoa, hakuhitaji profesa amweleze kwa nini imani iliisha. Pande zote za siasa zilishiriki, kwa hivyo msianze kurushiana hapo chini.

Jambo moja naliona lilifanywa sawa kimawazo, nalo watu hawalitaji kabisa kwenye mjadala wa barakoa: daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Likoni hadi Liwatoni. Lilifunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2021, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa kupunguza msongamano wa feri wakati wa corona. Mnaweza kubishana juu ya gharama, na kwamba lilibidi lifunguliwe meli zipite. Lakini angalieni tofauti. Barakoa inamwambia abiria: jikinge na umati. Daraja linaugusa umati wenyewe.

Mwisho, jueni mnamuuliza nani. Katiba ya 2010 imewapa kaunti huduma za afya: zahanati na hospitali za kaunti. Sera ya afya na polisi ni vya serikali ya kitaifa. Mgombea wa kaunti akikuahidi hatafunga mtaa tena, hana polisi wa kufunga. Mgombea wa kitaifa akilaumu hospitali ya kaunti kukosa vitanda, muulize fedha zilitumwa lini.

Na si historia tu. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, barakoa za mahali pa wazi zikaachwa Machi 2022, kisha Juni 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, barakoa zikarudishwa kwa sehemu za ndani. Julai 2024 mpox ikathibitishwa Taita Taveta, na Sheria ya Afya ya Umma ni ile ile ya 1921.

Maswali leteni chini. Kama ulilipa faini ya barakoa kortini na bado una risiti, funika jina na namba, nitumie. Nakusanya kwa ajili ya kazi ya chuo, na mpaka sasa nimepata mbili tu.