Nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya biashara, nani hubaki akilinda mito?

TANZANIA ilipojitoa katika Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA) Septemba 2000, hoja kubwa zilikuwa ushuru wa forodha, mapato ya Serikali na hatima ya viwanda vya ndani. Wiki chache baadaye, Oktoba 31 mwaka huo, nchi tisa za COMESA zilianza biashara huria baina yao bila Tanzania.

Kwa mfanyabiashara wa Makambako, mji ulioko kwenye barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, uamuzi huo haukufunga njia. Zambia, Malawi na Kongo ni wanachama wa COMESA na pia wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambako Tanzania ilibaki. Malori yaliendelea kupita.

Hata hivyo, jumuiya ya biashara haishughuliki na ushuru peke yake. Nyingi zina mikataba ya mazingira, na baadhi zina mahakama ambayo mwananchi anaweza kuishitaki nchi yake. Nchi inapojitoa, sheria zake za ndani hubaki vilevile kwenye vitabu. Kinachoondoka ni jicho la nje linaloangalia kama sheria hizo zinatekelezwa.

Kwa wakulima wa Njombe jambo hili si la mbali, kwa sababu mkoa wao ni chanzo cha mito.

Mto Ruhuji, wenye maporomoko yanayoonekana kando ya mji wa Njombe, huteremka hadi Kilombero, kisha Rufiji, na mwisho Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa Wanging'ombe hushuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, nao pia huishia Rufiji. Lakini Mto Ruhuhu huelekea upande mwingine kabisa na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania inapakana nalo pamoja na Malawi na Msumbiji.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kisheria. Agosti 2000, mwezi mmoja tu kabla ya Tanzania kutoka COMESA, nchi za SADC zilitia saini mjini Windhoek itifaki mpya ya mito na maziwa yanayotumiwa na nchi zaidi ya moja. Itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2003 na inazitaka nchi kuzuia uchafuzi unaoweza kumdhuru jirani. Ruhuhu unaguswa nayo. Ruhuji na Ruaha Mkuu haviguswi, kwa kuwa tangu chanzo hadi baharini vimo ndani ya Tanzania. Mto wa namna hiyo ukichafuliwa, hakuna jirani wa kulalamika. Anayeumia ni Mtanzania aliye chini ya mto.

Milango mitatu

Kwa mwananchi, faida ya jumuiya hupimwa kwa mlango anaoweza kuugonga mlango wa nyumbani unapofungwa.

Mlango wa kwanza ni Mahakama ya COMESA. Mtanzania hana nafasi ya kuishitaki nchi yake huko tangu mwaka 2000. Wa pili ulikuwa Mahakama ya SADC. Hiyo ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya kuamua kesi za mashamba dhidi ya Serikali ya Zimbabwe, na itifaki iliyotiwa saini mwaka 2014 iliwaachia viongozi mahakama ya kusuluhisha nchi kwa nchi tu. Mkulima hawezi tena kwenda huko.

Mlango wa tatu ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na huo umekwishatumika dhidi ya Tanzania yenyewe. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya lilifungua kesi kupinga barabara ya lami iliyokusudiwa kukatisha Hifadhi ya Serengeti. Juni 2014 mahakama iliizuia Serikali kujenga barabara hiyo, ikisema ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Mkataba huo unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri, ila kwa sharti gumu: ndani ya miezi miwili tangu kitendo kufanyika au kujulikana.

Somo la Uingereza

Uingereza imeonyesha wazi zaidi kinachotokea mlango unapofungwa. Ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, ilishitakiwa na Tume ya Ulaya kwa kuacha maji taka kumwagika kwenye mito, na Oktoba 2012 Mahakama ya Ulaya iliamua kuwa imevunja sheria, London ikiwamo. Hukumu za aina hiyo zinaweza kufuatiwa na faini. Jijini London limejengwa handaki la kilometa 25 kukusanya maji taka yaliyokuwa yakiingia Mto Thames, na mwaka 2025 lilianza kufanya kazi kikamilifu.

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020. Sheria nyingi za maji ziliendelea kutumika, lakini njia ya kulalamika Brussels ilikoma. Kwa Sheria ya Mazingira ya 2021 iliunda ofisi yake ya kusimamia utekelezaji. Desemba 2024 ofisi hiyo ilisema wizara ya mazingira na wasimamizi wa maji walishindwa kutimiza wajibu wao kuhusu maji taka. Inaweza kuchunguza na kwenda mahakamani, ila haina mamlaka ya kutoza faini.

Haimaanishi kwamba mito ya Uingereza ilikuwa safi kabla ya hapo. Takwimu zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha kuwa asilimia 14 tu ya mito ya England ilikuwa katika hali nzuri ya kiikolojia. Jumuiya haisafishi mto. Inachofanya ni kumtia serikali hofu ya kuulizwa.

Mnunuzi naye ana sheria zake

Kwa mkulima wa parachichi, kuna jicho jingine la nje ambalo halitegemei uanachama wowote: mnunuzi. Anayetaka cheti cha GLOBALG.A.P. ili auze Ulaya huulizwa maji ya umwagiliaji yanatoka wapi, alipuliza dawa gani, lini, na alifanyia nini makopo matupu.

Mfano ni mankozebu, dawa ya ukungu inayofahamika sana kwa wakulima wa viazi mviringo. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na homoni. Uingereza, ikiwa imekwishatoka, haikulazimika kufuata, nayo ilifikia uamuzi wa kuiondoa mwaka 2024. Kwa kipindi hicho masoko mawili yaliyo jirani yalikuwa na sheria mbili kuhusu dawa moja.

Mkulima mwenye viazi na miparachichi katika shamba moja hana budi kulifikiria hilo. Dawa aliyopulizia viazi vya soko la Dar es Salaam inaweza kupeperushwa na upepo hadi kwenye tunda linalokwenda Ulaya. Akiosha bomba lake kijitoni, sumu humfikia jirani wa chini, ambaye huenda hakupuliza chochote.

Hapo ndipo hesabu ya uchafuzi inapokosa haki. Anayemwaga huokoa gharama ya kuchimba shimo. Anayelipa ni mwingine. Ndivyo ilivyo hata kwa mafuta machafu ya gereji mijini, ambayo mvua ikinyesha husombwa hadi kwenye mifereji. Soko peke yake haliwezi kurekebisha hesabu hiyo bila msimamizi.

Msimamizi wa nyumbani

Msimamizi huyo yupo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayechukua maji mtoni kwa biashara, na anayerudisha maji machafu, kuwa na kibali. Mito ya bonde la Rufiji iko chini ya bodi ya maji yenye makao Iringa. Ya Ziwa Nyasa iko chini ya bodi iliyoko Tukuyu.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Sharti la mita 60 humgusa kwanza mwenye kinyungu, bustani ya bondeni inayomlisha kiangazi, kwa kuwa yeye huonekana kwa macho. Bomba la maji machafu linalofunguliwa usiku halionekani kirahisi. Sheria ikimbana wa kwanza na kumwacha wa pili, wananchi hawataiona kuwa yao.

Njia iliyo karibu zaidi ni jumuiya za watumia maji zinazotambuliwa na sheria ya 2009. Jumuiya iliyosajiliwa inaweza kupatanisha wa juu na wa chini ya mto, kukubaliana mahali pa kuoshea mabomba, na kuandika tarehe, mahali na dalili za kila uchafuzi. Kumbukumbu hiyo hutumika kwa bodi ya maji, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kwa mnunuzi wa parachichi, na ikibidi Arusha, ambako miezi miwili hupita upesi kwa asiyeandika.

Serikali zitaendelea kuingia na kutoka katika jumuiya za biashara kadiri zinavyoona maslahi yao. Kwa mto kama Ruhuji, ambao hakuna nchi jirani ya kuusemea, walinzi wa kwanza ni wale wanaokunywa maji yake.