Mabadiliko ya Uwezo wa Mwili Kuhimili Joto na Baridi Kulingana na Umri

Si jambo la ajabu, katika nyumba moja na usiku uleule, kijana kulala kifua wazi huku babu yake akiwa amejifunika blanketi mbili. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni mazoea, na wengine huona ni kudeka. Ukweli ni kwamba uwezo wa mwili kuhimili joto na baridi haubaki vilevile tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Hubadilika kwa umri, kwa mazingira, kwa maradhi na kwa dawa. Kuyafahamu mabadiliko hayo huwasaidia wahudumu wa afya na familia kuwakinga watu ambao, mara nyingi, hawawezi kusema kwamba wamo hatarini.

Jinsi mwili unavyolinda joto lake

Joto la ndani la mwili wa mtu mwenye afya huwa takriban nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupokea taarifa kutoka kwenye ngozi na damu, kisha huamuru hatua zinazofaa. Joto likizidi, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka ili kutoa joto nje, na tezi za jasho huanza kufanya kazi. Baridi ikizidi, mishipa hiyo husinyaa na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto.

Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini halisaidii. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, hewa ikiwa na unyevu mwingi, huchosha kuliko nyuzi hizohizo za Dodoma, ambako hewa ni kavu zaidi.

Siku za mwanzo za maisha

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Ngozi yake ina eneo kubwa ikilinganishwa na uzito wake, na anapozaliwa huwa amelowa. Zaidi ya hayo, hawezi kutetemeka vya kutosha kama mtu mzima. Hutegemea mafuta maalumu ya kahawia yaliyoko mgongoni na shingoni, ambayo huunguzwa ili kutoa joto. Mafuta hayo hujengeka hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Kwa hiyo mtoto njiti huzaliwa akiwa na akiba ndogo.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto mchanga amepoa pindi joto lake linaposhuka chini ya nyuzi 36.5. Kiwango hicho hufikiwa hata katika maeneo ya pwani, iwapo mtoto hakukaushwa mara moja, amewekwa karibu na feni au ameogeshwa mapema. Ushauri ni kuchelewesha kumwogesha kwa angalau saa 24. Pasipo kipimajoto, mama anaweza kugusa miguu na tumbo la mtoto: miguu ikiwa baridi na tumbo likiwa la joto, mtoto ameanza kupoa, vyote vikiwa baridi, amepoa kiasi cha kuhitaji msaada wa haraka.

Tiba iliyothibitika kwa mtoto mwenye uzito pungufu ni kifua cha mama yake. Huduma ya kangaruu, ambayo mtoto hukaa ngozi kwa ngozi na mama, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo katika siku 28 za kwanza kwa asilimia 25.

Utu uzima: mwili unaozoea

Mtu mzima mwenye afya ana uwezo mkubwa wa kuzoea joto. Akifanya kazi kwenye joto kila siku, kwa muda wa siku 7 hadi 14 damu yake huongezeka majimaji, moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Hata hivyo, mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache za kukaa mahali pa baridi.

Kwa sababu hiyo, siku za kwanza kazini ndizo zenye hatari zaidi. Mkulima kutoka Njombe anayeanza kubeba mizigo bandarini mwezi Januari, au kijana anayekwenda kufanya kazi za ujenzi katika nchi za Ghuba, hapaswi kupewa kazi kamili siku ya kwanza. Mwongozo unaotumika sana katika afya ya kazini humtaka mfanyakazi mgeni aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto, kisha aongezewe si zaidi ya asilimia 20 kila siku.

Uzeeni: hisia inapochelewa

Kadiri umri unavyosonga, tezi za jasho hutoa jasho kidogo, mishipa ya ngozi hutanuka na kusinyaa kwa uvivu, moyo hushindwa kuongeza kasi ya kusukuma damu, na misuli inayozalisha joto hupungua. Lakini badiliko lenye hatari kubwa zaidi ni la hisia. Mzee huchelewa kuhisi kiu, na pia huchelewa kutambua kwamba mwili wake umepata joto au umepoa. Anaposema, “Sijambo, sihitaji maji,” husema kweli kwa jinsi anavyojisikia, ilhali mwili wake umekwisha kupungukiwa.

Matokeo yake yameonekana. Mwezi Agosti 2003, wimbi la joto nchini Ufaransa lilisababisha vifo vya ziada takriban 15,000, wengi wao wakiwa wazee. Mwezi Juni 2024, zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki Makka wakati joto lilipopita nyuzi 50, na miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi sugu.

Dawa nazo huongeza hatari. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzuia moyo kuongeza mapigo. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amwombe mtoa huduma azipitie kabla ya msimu wa joto.

Kwa wahudumu wa afya, jambo jingine la kuzingatia ni kwamba joto la kawaida la mzee huwa chini kidogo. Kipimo cha nyuzi 37.8 kwa mzee aliyedhoofu, au ongezeko la zaidi ya nyuzi 1 juu ya kiwango chake cha kawaida, kinaweza kuwa dalili ya maambukizi makubwa.

Mabadiliko ambayo ni dalili ya ugonjwa

Mabadiliko ya umri huja polepole. Mtu anayeanza kuchukia baridi katika kipindi kifupi, huku akinenepa, akichoka na kupata choo kigumu, achunguzwe tezi ya thairoidi na wingi wa damu. Anayechukia joto, akikonda na moyo kwenda mbio, huenda tezi hiyo inafanya kazi kupita kiasi. Wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi hupata mawimbi ya joto kutokana na kupungua kwa homoni ya estrojeni. Hali hiyo si aibu wala si ugonjwa, na ina matibabu. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asijaribu maji ya moto kwa mguu, kwani anaweza kuungua bila kuhisi.

Hatua za kuchukua

Wakati wa joto, mzee apewe maji kwa saa maalumu bila kusubiri aombe, isipokuwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango na daktari. Wakati wa baridi, kama ilivyo Makete au Lushoto mwezi Julai, avae nguo kadhaa nyepesi, kofia na soksi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Mtu aliyekuwa kwenye joto kali akianza kuchanganyikiwa, kudegedega au kupoteza fahamu, huenda amepata kiharusi cha joto. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe maji na kupepewa wakati usafiri unatafutwa. Parasetamoli haisaidii katika hali hii, na asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini upoozaji usisubiri majibu.

Hitimisho

Kujisikia vizuri si kipimo cha kutosha cha usalama kwa mtoto mchanga wala kwa mzee. Kwa makundi haya mawili, kinga hutegemea mkono wa mtu mwingine: unaogusa miguu ya mtoto, unaomsogezea mzee kikombe cha maji, na unaotumia kipimajoto kabla hali haijawa mbaya.