KAHAWA KAGERA: MWAJIRIWA NA KIBARUA WAKITENGANA, MNUNUZI NDIYE ANAYELIPA

Msimu wa Robusta unapoanza Kagera, katikati ya mwaka, macho ya wafanyabiashara huelekezwa kwenye bei ya London. Hiyo ni sawa, hasa baada ya bei hiyo kupita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024. Lakini faida ya mzigo unaotoka Muleba kwenda Bukoba huamuliwa pia na jambo lisiloonekana kwenye jedwali la bei: uhusiano kati ya watumishi wa kudumu na wale wanaojitegemea.

Watumishi wa kudumu ni makarani, watunza ghala, madereva na mafundi mitambo wa vyama vya ushirika na viwanda. Hawa wana mshahara, likizo na michango ya NSSF. Upande wa pili wako wakulima, wachukuzi, wenye pikipiki za kusomba magunia na akina mama wanaochambua kahawa kwa malipo ya siku au ya kilo. Makundi yote mawili hushika gunia lile lile, lakini mara nyingi hayakai kikao kimoja.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyepokea tani 10 za kahawa ya maganda yenye unyevu wa asilimia 16. Ikikaushwa hadi asilimia 12, zitabaki kilo 9,545 hivi. Kilo 455 zimeyeyuka kabla ya kukoboa, achilia mbali hatari ya ukungu ghalani.

Kibarua anayegeuza kahawa juani ndiye wa kwanza kujua kwamba haijakauka. Akiwa analipwa kwa gunia, na hakuna anayemuuliza, hana sababu ya kusema. Karani naye akimwona kibarua kama mpita njia, hatamsikiliza. Gharama inamwangukia mwenye mtaji.

Ndivyo ilivyo pia kwa butura, yaani kuuza kahawa ingali shambani. Mkulima anayeuza kwa butura kwa kawaida amebanwa na ada ya shule au ugonjwa. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini haiishi kwa amri tu. Hupungua pale mkulima anapokuwa na mahali pengine pa kukopa.

Ushirika ulivyoanza kuunganisha

Kagera si wageni wa jambo hili. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kiliandikishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Biashara huria ya kahawa ilipoingia msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walishindana na KCU (1990) Ltd. kijiji kwa kijiji, na uaminifu wa mwanachama ukawa na bei yake.

KCU ilipata nguvu kwa kuuza katika soko la biashara ya haki. Huko mnunuzi huongeza senti 20 za dola kwa kila ratili, na matumizi ya fedha hizo huamuliwa na wanachama mkutanoni. Sehemu yake ilitumika kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga mjini Bukoba. Kwa njia hiyo mkulima wa Kamachumu akawa na sehemu katika kiwanda kinachomlipa fundi mshahara.

Hata hivyo, kibarua asiye na shamba alibaki nje ya mpango huo, kwa kuwa si mwanachama wala mwajiriwa.

La kufanya

Mfanyabiashara mdogo hana haja ya kusubiri chama kikuu. Kwanza, kikao cha kufungua msimu kiwakutanishe karani, mchambuzi na mchukuzi, na kipimo cha unyevu kionyeshwe kwa wote. Pili, bakshishi ya ubora igawanywe kwa kundi zima badala ya kumpa msimamizi peke yake. Tatu, vibarua wa kila msimu waandikwe majina na wasaidiwe kujiunga na SACCOS pamoja na waajiriwa. NSSF nayo hupokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri.

Aidha, sheria iangaliwe. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, mtu aliyemfanyia kazi mwingine kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kumwita "kibarua" hakufuti dai lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tangu 2018 kahawa ya mkulima imeelekezwa kupitia vyama vya msingi. Kwa hiyo mnunuzi hawezi tena kukikwepa chama chenye mgawanyiko kwa kwenda moja kwa moja shambani. Anayetaka kuweka fedha zake katika kahawa ya Muleba msimu ujao aulize bei, kisha aulize nani anachambua, analipwaje, na mara ya mwisho alikaa lini kikao kimoja na karani.